Dirisha Jeusi Ninaloogopa Kulifunga

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanichoka, maana hapa kazini sina wa kumwambia, na nyumbani mke wangu ananiona bingwa.

Mimi ni karani wa masjala katika kituo cha afya, kazi yangu ni kadi za wagonjwa, na miezi miwili iliyopita mkuu wetu alileta kompyuta moja akasema hii iwe seva, yaani itunze kumbukumbu zote ili mapokezi, daktari na chumba cha dawa wazisome kutoka humo, akauliza nani anaweza kuiandaa, na mimi, sijui shetani gani alinishika ulimi, nikasema naweza, kwa sababu tu mimi ndiye ninayebadilisha wino wa printa. Basi nikatafuta maelekezo mtandaoni nikayachapisha, hatua tisa, karatasi yake nimekuambatishia hapa, na Shangazi, kule hakuna picha wala cha kubofya, ni dirisha jeusi na kimstari kinachopepesa, unaandika amri neno kwa neno, ukikosea nukta unajibiwa kwa ukali, ukiandika neno la siri halionekani hata herufi moja, nikadhani kibodi imekufa nikaigonga weee mpaka vidole vikauma. Siku ya tatu, hatua ya sita, ikaandika kwamba seva inafanya kazi, mapokezi wakapiga kelele "Imefunguka!", mkuu akanipa mkono mbele ya watu, na tangu hapo naitwa Mtaalamu. Hatua tatu za mwisho sikuzisoma, furaha ilinizidi.

Kumbe seva ile inaishi ndani ya lile dirisha, ukilifunga tu, nayo inakufa. Niligundua wiki iliyofuata nilipolifunga mwenyewe ili nitazame matokeo ya mpira, mara daktari anaita, mapokezi wanaita, foleni imefika getini, mzee mmoja wa kisukari amekaa saa mbili dozi yake haijulikani, na mkuu akaja akauliza nani kagusa mashine, na chumbani alikuwepo mama wa usafi na fagio lake, nami nikasema, "Mama, si nilikwambia usiguse nyaya hizi?" Nikamfokea kweli kweli mpaka pale mapokezi, mtu wa umri wa mama yangu mzazi, naye akasema, "Mwanangu, mimi nimefagia chini tu," hakuna aliyemsikiliza, akapewa barua ya onyo. Tangu siku hiyo mlango naufunga kwa kufuli na likizo nimeahirisha ili nililinde dirisha, lakini juzi nikataka kunakili maneno yaliyoandikwa humo, nikabonyeza vile vitufe viwili vya kunakili tunavyotumia siku zote, kumbe ndani ya dirisha hilo ni amri ya kuizima programu, seva chali, mkuu akaniuliza kama yule mama aliingia tena, maana asubuhi humfungulia kufuli afagie, nikajibu, "Sijui."

Ijumaa mama huyo ameitwa kikaoni, na kosa la pili ni kuachishwa kazi. Nikimwona na ndoo yake nabadilisha njia. Nikisema ukweli nimeumbuka, nikinyamaza anafukuzwa bila hatia. Nifanyeje?

Mtaalamu wa Bandia

*

Marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho, na sijakuchoka. Nimekukasirikia.

Tuanze na lililo jepesi. Kutojua si kosa. Nimemuuliza binti wa dada yangu, ambaye kazi yake ndiyo hiyo ya seva, akacheka, akasema naye alibonyeza vitufe vya kunakili siku zake za mwanzo akaizima seva ya ofisi nzima. Kisha akauliza, "Hatua ya saba ameisoma?" Nikaona aibu kwa niaba yako. Hatua ya saba, bwana, ndiyo inayoiagiza mashine iiwashe seva yenyewe kila inapowaka, dirisha liwe wazi au limefungwa. Ya nane ni nakala ya akiba. Ya tisa ni kubadilisha neno la siri lililokuja na programu. Yaani siri za wagonjwa wa watu zimekaa wiki zote hizi bila nakala, zinafunguka kwa neno ambalo kila mtu analisoma mtandaoni, na wewe umeweka kufuli kwenye mlango wa mbao! Jamani!

Zimalize leo. Anza na nakala, kabla hujagusa kingine chochote. Amri usiyoielewa usiiandike mpaka umeuliza. Ukimaliza, waarifu wenzako, zima mashine, iwashe, uone kama seva imeamka bila wewe. Ni kazi ya saa moja, na ungeifanya miezi miwili iliyopita usingekuwa unaniandikia.

Sasa yule mama. Usijidanganye kwamba "sijui" si uongo. Ulijua vizuri. Unaogopa kuchekwa, yeye anakwenda kupoteza kazi, na wewe unaniuliza ufanyeje? Usimnunulie zawadi. Usimwite pembeni ukamnong'oneza samahani halafu ukarudi kukaa. Nenda kwa mkuu kabla ya hiyo Ijumaa, mkononi una barua yako mwenyewe: "Mara zote mbili aliyeizima seva ni mimi. Naomba onyo alilopewa mama liondolewe kwenye faili lake." Tia sahihi. Mwambie na kwamba hukusomea kazi hii, na umwombe akupeleke ukafundishwe. Ukipewa barua ya onyo ipokee, ni yako tangu mwanzo. Ukifukuzwa, utakuwa umefukuzwa kwa kosa lako.

Ukitoka hapo simama mapokezi, palepale ulipomfokea, wenzako wakiwepo, umwambie kwa sauti, "Mama, ulisema kweli, mimi nilikusingizia." Akikusamehe, shukuru. Asipokusamehe, endelea kumwamkia shikamoo kila siku, na usimdai jibu.