Mabua Yanapanda, Samadi Haishuki

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Magunia manne! Ekari nzima ya Kahe, magunia manne ya mahindi. Chumvi imetanda juu ya udongo kama unga uliomwagika. Ebenezeri kanipigia kutoka Marangu, kule mlimani, salamu hakuna. Kasema shamba limenishinda, msimu ujao anamkodishia mtu mwingine. Mdogo wangu wa mwisho! Kwa kuwa kitindamimba ndiye hurithi nyumba na kihamba cha migomba, anadhani amenirithi na mimi.

Jumatano, 6 Agosti
Kindness, afisa ugani wetu, kaleta majibu ya udongo. Nilijua ataniambia niongeze mbolea ya DAP. Wapi! Fosforasi imejaa tele. Miaka minane ya mbolea yangu imo humo humo, udongo wenye chumvi na chokaa umeikamata, mahindi hayaipati. Naongeza, unakamata. Nimecheka kwa hasira. Miaka minane nalisha udongo usiotema!

Kasema niache DAP kwanza. Nizibue mitaro maji yaondoe chumvi, na niweke samadi, nyingi.

Samadi. Mimi sina hata mbuzi.

Ijumaa, 8 Agosti
Nanenane. Wenzangu maonyeshoni, mimi Marangu. Nyuma ya banda la Ebenezeri samadi inafika magotini. Migomba yake imenona, inaniudhi hata kuitazama. Na ng'ombe wake watatu wanakula nini? Mabua yangu! Kila mavuno lori linayapandisha kutoka Kahe, bure, kwa sababu tangu enzi za baba ndivyo ilivyo. Kinyesi hakijashuka hata siku moja. Shamba langu linaliwa huku juu, mimi nabaki na chumvi.

Nimeomba malori mawili tu ya samadi.

"Dada, mbolea ya kihamba haishuki huko porini Kahe," akasema. Akaendelea kula.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 10 Agosti
Sikwenda kanisani Marangu. Ningemkuta Ebenezeri, ningempa mkono wa kinafiki.

Jumanne, 12 Agosti
Naandika nikiwa juu ya lundo la mabua. Lori lilifika saa mbili asubuhi. Nikawaambia vibarua hakuna kupakia, nikapanda, nikakaa. Dereva kampigia Ebenezeri, nimesikia matusi yake mpaka huku juu. Kisha dereva akaninyooshea simu. Mama.

"Tabitha, ng'ombe hawajala tangu jana."

Nikampa shikamoo. Nikamwambia lori hili litapanda na mabua siku litakaposhuka na samadi. Nachukia kumwambia hivyo mama yangu. Lakini nimesema.

Nikasikia simu ikiwekwa chini. Halafu koleo, likikwaruza sakafu ya banda, likizoa samadi. Mara moja. Mara ya pili. Kwa mbali Ebenezeri akamwambia Mama aache, atajiumiza mgongo.

Koleo likakwaruza tena. Kisha simu ikakatika.

Dereva anauliza azime injini au vipi. Nimemwambia asubiri.