Mguu wa Mzee Mwadini

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baridi ya kukata masikio. Wagonjwa kumi na mmoja kwenye daftari langu — sukari, presha, figo — na simu imeanza kuita kabla sijavaa soksi. Ofisini wananiita mratibu wa huduma za wagonjwa. Mratibu wa kukimbia huku na huku!

Saa nne nimempitia Mzee Mwadini, mtaa wa Berea. Ghorofa ya sita, lifti mbovu. Miaka thelathini ya ugenini ametengeneza cherehani za watu mjini, sasa anaishi peke yake. Jeanne, msusi Mkongo wa chumba cha pili, ndiye anayemchoma sindano ya sukari kila asubuhi. Mzee alikuwa mbele ya hita, blanketi mpaka kifuani. Nikasema, nione miguu.

"Miguu ipo, mwanangu. Haijaenda popote."

Tukacheka. Nikaondoka, Soweto walikuwa wananisubiri.

Sikuiangalia.

Jumatano, 6 Agosti

Jeanne kapiga saa moja asubuhi. "Dada Zuhura, kuya mbio. Muguu ya papa inanuka."

Unyayo wa kulia umebabuka, pembeni mweusi. Hita! Aliuegemeza pale, na sukari imeshaua hisia, hakusikia kuungua. Tangu Ijumaa! Alivaa soksi juu ya kidonda ili nisione. Nimemuuliza kwa nini. Anasema ningempeleka hospitali, na hospitali wanakata.

Tumekwenda kliniki. Getini wanaume wanne, si wa kliniki, wanakagua vitambulisho na kupiga kelele wageni warudi kwao. Mzee karatasi zake zote anazo. Hawakutaka hata kuzisoma. Nimebishana mpaka sauti ikakauka. Mzee akanivuta mkono: turudi, sitaki upigwe mbele yangu.

Tukarudi. Eish. Nimekisafisha kidonda mwenyewe. Nimepiga simu mpaka chaji ikaisha. Hospitali kubwa wamekubali kumpokea keshokutwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Amelazwa. Sukari ishirini na saba.

Nesi akasoma faili kwa sauti: ndugu wa karibu — Zuhura, binti. Nilikuwa natafuta kiti cha magurudumu Mzee alipoulizwa, kumbe kajibu hivyo. Nikafungua mdomo nisahihishe. Mzee akaniangalia. Nikafunga.

Nimempigia mwanawe Suhaib, Dar. Miaka tisa hawajaonana. Alilia kwenye simu, mtu mzima. "Dada, wasimkate baba. Nakuja. Pasi yangu ya kusafiria inashughulikiwa." Niseme nini? Nimemwambia wanajaribu dawa kwanza. Ni kweli, wanajaribu.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikukuu ya Wanawake. Kila wodi ina nesi mmoja tu. Homa haishuki. Wagonjwa wangu wengine kumi — sikumbuki nani kala vidonge vyake. Nimelala na viatu.

Jumapili, 10 Agosti

Hanijui tena. Ananiita Mwanaharusi — marehemu mkewe. Anataka nimpe mkasi.

Daktari, dada mmoja mpole, kanikalisha. Sumu imeingia kwenye damu. Wakate chini ya goti, leo. Mwenyewe hawezi kutia sahihi. Fomu hii hapa, wewe ni binti yake.

Nikauliza, tukingoja mpaka Jumanne? Suhaib kasema pasi itatoka Jumanne.

"Jumanne ni mbali sana, mama."

Nimempigia Suhaib mara tano. Hapatikani. Nikisema mimi si binti, wataanza kumtafuta mwenye haki ya kusaini, na saa zinakwenda. Nikinyamaza, nimekata mguu wa baba wa mtu. Jeanne alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, bado na kitambaa chake kizuri. Nikamwambia yote. Akajibu: "Mimi namuchoma sindano kila siku. Nani aliniuliza kama niko mutoto yake?"

Nimetia sahihi. Nesi akairudisha fomu: hujajaza uhusiano. Kalamu ikagoma, au mkono. Nimeandika binti.

Wamempitisha kwenye kitanda saa nane na robo. Alikuwa ananung'unika kuhusu cherehani ya mteja. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa.

Sasa tuko kwenye benchi la korido. Siwezi kukaa, siwezi kusimama. Naandika ili nisihesabu dakika.

Saa nane na dakika arobaini. Ujumbe wa Suhaib: "Samahani, simu ilizima. Pasi nimeipata jana, mtu kanisaidia! Tiketi ninayo. Natua kesho mchana. Mwambie baba asiogope, mguu wake hautaguswa."

Jeanne ananiuliza ni nani.

Nimeanza kumwandikia: Kaka Suhaib. Nimefuta neno Kaka. Nimelirudisha —