Kaveti Hataki Tulale

Jumatatu, 2 Juni
Kaveti tena. Hata adhana haijasikika. Anaanza kwa kukwaruza mlango wa chumba chetu, halafu analia, halafu anapanda juu ya kabati ya vyombo. Leo ameangusha sufuria. Mume wangu Kioko alikuwa ndio tu amerudi na lori la nyanya kutoka Loitokitok. Alitukana, akajifunika blanketi. Mimi ndio niliamka kumpa paka maziwa. Huko dukani ninakoshonea nguo nimeweka kola ya yunifomu ndani nje. Nikafumua.

Jumanne, 3 Juni
Vilevile. Kichwa kinauma.
Huyu paka si wangu. Ni wa Mwaitu, mama ya Kioko. Alianguka huko kwake Kathonzweni akavunjika mguu, tukamleta hapa Emali awe karibu na hospitali. Alikubali kwa sharti moja, aje na Kaveti. Tukasema sawa. Paka ni nini?

Jumatano, 4 Juni
Mama Sauda, jirani anayeuza viazi karai, alinicheka. Akaniambia, "Ukiamka kumpa maziwa, amekuandika kazi." Anasema nimlishe jioni, nicheze naye achoke, na akilia asubuhi nisiamke kabisa. Nimenunua omena, vile visamaki vikavu. Nimevuta kamba sebuleni kama mtoto. Mwaitu alicheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aje.

Alhamisi, 5 Juni
Sikuamka. Kaveti alilia kama mtu aliyefiwa. Mimi na Kioko tumelala macho wazi. Kisha nikasikia mkongojo. Mwaitu alikuwa ametoka gizani kumfungulia. Angeanguka tena ingekuwa makosa yangu. Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani.

Jumamosi, 7 Juni
Jana nilimfungia Kaveti kwa stoo. Tulilala vizuri. Asubuhi nikapata amekojolea gunia la ndengu.
Leo nimeosha ndengu siku nzima.

Jumanne, 10 Juni
Omena ya jioni inasaidia kidogo. Leo Kaveti amengoja adhana ndipo akalia. Kioko hakuona tofauti. Anakula, macho mekundu.

Alhamisi, 12 Juni
Kioko nusura afe.
Alisinzia kwenye usukani akirudi. Lori likatoka kwa lami. Mwenye nyanya, aliyekuwa amekaa kando yake, ndiye alipiga kelele na kushika usukani. Hakuna aliyeumia. Kioko aliingia na viatu, akaketi. Nilimpa maji, akayamwaga nusu.
Akasema, "Huyo paka aondoke. Kesho."
Mlango wa Mwaitu ulikuwa wazi. Alisikia kila neno.

Ijumaa, 13 Juni
Mwaitu amefunga nguo zake kwa leso. Amekaa kitandani, Kaveti kwenye mapaja. "Akienda, tunaenda wawili."
Kioko alitoka nje akapiga teke ndoo. Anasema watu wa kanisa watasema amefukuza mama yake kwa sababu ya paka. Hajawaza juu ya mama, amewaza juu ya kanisa. Nilimwambia hivyo. Haikuwa vizuri kumwambia, lakini nilimwambia.
Amelala kwa lori. Ugali umebaki.

Jumapili, 15 Juni
Sikuenda kanisani. Nilibaki na Mwaitu tukichagua ndengu. Nikamuuliza kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amemuuliza tangu aje: Mwaitu, wewe unataka nini?
Alitoa kijiwe kwenye ndengu, akakitupa kando.
"Mguu umepona, Mutheu. Nimekuwa nikingoja mnirudishe. Nilidhani mnaona."
Hatukuona. Tulidhani anaogopa kukaa peke yake. Yeye alidhani akiomba kurudi, Kioko atasema hana shukrani. Watu watatu kwa nyumba moja, na anayesema anachotaka ni paka tu.

Jioni Kioko alikataa. Nani atamchotea maji? Na akianguka tena?
Mwaitu alimwangalia. "Nikianguka, mwanangu, nitaanguka kwangu."
Kioko alitoka. Baadaye nikamsikia nje akipigia kaka yake simu. Boma la huyo kaka limepakana na la Mwaitu. Msichana wake mkubwa, Kalunde, atakuwa akilala kwa susu yake, yaani kwa Mwaitu. Kioko alirudi kulala ndani. Hakunigusa, lakini alirudi.

Jumatano, 18 Juni
Kaveti ameamsha nyumba. Hakuna aliyetukana.

Jumamosi, 21 Juni
Tumemrudisha Mwaitu kwa lori tupu. Kaveti ndani ya kikapu, akalia hadi Matiliku, kisha akachoka. Mwaitu alikaa mbele akitaja shamba za watu, nani amevuna, nani amechelewa. Sikujua anaongea hivyo.
Tulipofika Kioko hakupumzika. Alipigilia mti imara kando ya ngazi ya mlango, na mwingine chooni, ya kushikilia. Hakuomba msamaha. Mwaitu alishika ule mti, akautikisa, akasema uko sawa.
Tutalala hapa.

Jumapili, 22 Juni, Kathonzweni
Kaveti amelia gizani, kama kawaida. Nikajikaza, nikingoja Kioko atukane.
Lakini hakukuwa na mtu wa kuamshwa. Mwaitu alikuwa ameshawasha moto. Kalunde alikuwa njiani na mtungi wa maji. Mbuzi walikuwa wamesimama wakingoja kukamuliwa. Hapa Kaveti haamshi mtu mapema. Hapa ndiye wa mwisho kuamka.
Kioko alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Nilimwacha.
Kupitia dirisha nilimsikia Mwaitu akimwongelesha paka kwa Kikamba, polepole, maziwa yakimwagika kwenye sahani. Kulikuwa na baridi. Nikavuta blanketi, nikalala nikiwasikiliza mpaka jua likatoka.