Pumzi ya Gundi

Nyumbani, ghorofa ya pili
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu na za wanao hawa wanaokuita shangazi. U hali gani huko? Baridi imepungua, au bado unalala na soksi? Mimi mzima, isipokuwa goti, na goti langu unalijua, lina maneno mengi kuliko mwenyewe.

Mara ya mwisho hatukuagana vizuri. Uliniuliza kwenye simu, "Ulikuwa unalala naye kitanda kimoja, hukuona kitu?" nami nikakata. Sikukata kwa hasira, wifi. Nilikata kwa sababu sikuwa na la kujibu. Sasa jibu ninalo, na nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tungelia tu na tusiambiane chochote. Nakuomba usome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati. Naandika juu ya kaka yako, lakini ninayemhofia ni wewe na afya yako.

Kaka yako alipostaafu kule kiwanda cha uchapaji, mwezi wa kwanza alinitia wazimu. Alinipangia upya kabati la vyombo, nikawa natafuta upawa nyumbani kwangu kama mgeni. Ndipo jirani yetu, yule dereva wa basi mstaafu, akamvuta kwenda kule wanakokuita Chuo cha Mvi. Ni chumba kimoja tu nyuma ya maktaba, zamani kilikuwa stoo ya magazeti. Wastaafu wanafundishana wenyewe, kwa kujitolea. Aliyekuwa karani wa benki anafundisha kutumia simu, nesi mstaafu anawanyoosha viungo, na mwalimu wa hesabu anawasomesha lugha ya kigeni ambayo mimi nadhani anaitunga mwenyewe. Kufagia ni kwa zamu.

Kaka yako akaanzisha meza ya kujalidi vitabu. Maktaba inawaletea vilivyochanika, wao wanavishona, wanavipaka gundi na kuvirudisha na migongo mipya. Kule walimwita Fundi, na alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wenu.

Alipokuwa hai sikwenda hata siku moja. Nilifurahi mno kurudishiwa asubuhi zangu. Na ufundi wake nilikuwa naujua, maana miaka yote ya ndoa yetu alikuwa akileta kazi nyumbani na kujalidi kwenye meza ya jikoni huku mimi nikikaanga vitunguu.

Baada ya msiba nilidhani ile meza itakufa naye. Haikufa. Dereva akawa anapita kila wiki, "Mama, njoo hata utuone tu." Nikawa napiga chenga. Mwezi uliopita nikaenda, na kwa kweli nilifuata aproni yake tu, nije kuifua na kuiweka.

Nilipofungua mlango nikamsikia akikohoa. Kile kikohozi chake kifupi, cha kusafisha koo kabla ya kusema. Wifi, nikashika fremu ya mlango. Kumbe ni mwalimu wa hesabu, ameinamia uzi. Kisha mama mmoja aliyekuwa mpishi akamwambia mwenzake, "Taratibu, kitabu hakina miguu," na yale ni maneno ya kaka yako, kwa sauti ileile ya kuburuta. Mwingine akagonga meza kwa kidole cha shahada, kama yeye alivyokuwa akigonga nikichelewesha chai. Hakuna aliyejua kwamba anafanya hivyo. Aproni ilikuwa kwenye msumari wake na kiti chake hakikukaliwa, lakini yeye mwenyewe alikuwa kila upande wa meza.

Nikasimama ukutani kuwatazama. Wakafika kwenye gundi. Wakapaka migongo ya vitabu, wakavitia kwenye jiriwa, zile za kubania, na kabla ya kukaza wakaacha wote kwa pamoja. Kila mmoja akaweka kiganja kifuani upande wa kushoto, akainama kidogo, akafumba macho, akawa anavuta pumzi polepole. Chumba kizima kimya, feni tu inazunguka. Walikaa hivyo muda mrefu, wifi, muda wa kumtisha mtu. Halafu wakafumbua macho na kukaza jiriwa zao kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nikauliza, "Hiyo nayo ni nini?"

Dereva akacheka. "Hiyo ndiyo pumzi ya gundi, Mama! Ukikaza haraka inatokea pembeni. Fundi alitufundisha, mkono kifuani, unapumua mpaka itulie, ndipo unabana."

"Mpaka nini itulie?"

"Gundi, Mama. Nini kingine?"

Gundi haitaki hivyo. Jikoni kwangu alikuwa anapaka, anabana, anaendelea na kingine huku akinidai chai. Hata siku moja sikumwona akisimama kuisubiri gundi.

Nikawauliza kama alianza nayo tangu mwanzo. Mwalimu wa hesabu akasema hapana, ilikuja mwaka jana, na mwanzoni ilikuwa fupi tu. Kadiri miezi ilivyokwenda Fundi akawa anairefusha. Aliwaambia gundi ya siku hizi haina nguvu kama ya zamani, inataka pumzi ndefu zaidi. Nao wakairefusha pamoja naye.

Sikumbuki nilikaaje, ila nilijikuta kwenye kiti chake.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hilo. Alikuwa anaumwa moyo, na alikuwa anajua. Nyumbani alijizuia mpaka asubuhi, kisha akaenda kuumwa mbele za watu na kuliita somo. Nina hasira naye, nakwambia bila aibu. Natandika kitanda naongea naye, namwuliza kama mimi ndiye ningeshindwa kumwekea mkono kifuani.

Nilimfuata yule nesi mstaafu kwenye korido siku yake ya kufundisha, maana ile meza hajawahi kuikaribia na hiyo pumzi hakuwahi kuiona. Nikamwonyesha kwa mkono wangu. Akaniuliza swali moja tu: "Kwao kuna mwingine?" Nikamwambia habari za baba yenu aliyeanguka bafuni, akiwa mdogo kuliko kaka yako. Akasema, "Basi waliobaki wapimwe."

Wanafunzi wa kaka yako sijawaambia. Dereva aliniuliza kama wanakosea, nikasema hapana. Ningesema nini? Wanajivunia. Wiki iliyopita alikuja mama mgeni, mpiga chapa mstaafu, nao wakamshika mkono kwa upendo wakamwonyesha pa kuuweka. Naenda kila Jumanne, najiambia ni mara ya mwisho, na Jumanne inayofuata nipo. Nakaa pale namtazama mume wangu akifa polepole kwenye vifua vya watu wenye furaha.

Msalimie shemeji, mwambie miwani yake aliisahau juu ya friji letu na mjukuu wangu anaivaa. Wasalimie wanao wote, hasa yule kitinda mimba asiyeandika. Mama mdogo anakusalimu, bado anasikia anachotaka kusikia tu. Mungu awalinde huko mliko na awape amani.

Nimeandika salamu zote na bado sijasema lile nililokaa kuliandika. Naomba unisamehe nikilisema vibaya.

Siku watu walipomaliza kuondoka msibani, ulikuwa kwenye sinki unasugua masufuria. Niliingia na sahani mkononi. Bomba lilikuwa wazi, maji yanamwagika bure, nawe umesimama, umeinama kidogo, kiganja kifuani upande wa kushoto, macho umefumba. Nilidhani ni majonzi. Nikarudi nyuma kimyakimya nikakuacha na kaka yako. Nilipoingia tena uliniona nakutazama, ukacheka, ukaniambia umepumzika kidogo kwa sababu maji yalikuwa ya moto mno.

Wifi, lile bomba halijawahi kutoa maji ya moto.

Ukimaliza kusoma hapa usinipigie simu kunifokea. Vaa koti uende hospitali, umwambie daktari habari za baba yenu na za kaka yako, na umwonyeshe unapoweka mkono.

Ni mimi akupendaye, hata ukininunia,
Wifi yako