Maziwa ya Zirka

Kyiv, 12 Februari 2012

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Na kuku wako? Sisi hatujambo, ila nina habari: nina mimba ya miezi minne. Mkweo Andriy hataki nibebe hata birika.

Juzi nimepimwa tena tezi ya shingo, mimi na wenzangu tuliokuwa matumboni kinu cha nyuklia kilipolipuka. Unajua wanavyotufuatilia tangu utotoni, waone mionzi imetufanyia nini. Safari hii daktari ameuliza habari zako: Aprili ile ulikuwa unakunywa maziwa kiasi gani, kabla kijiji hakijahamishwa? Mama za wenzangu wameshajibu.

Njoo, Mama. Mimi huko kijijini mlikorudi siwezi kuja, kwenye kizuizi cha eneo la mionzi askari hawapitishi mjamzito. Nakutaka hapa nitakapojifungua.

Binti yako,
Larysa

4 Machi

Mwanangu Larysa,

Marahaba. Kifua kinakohoa, kuku wazima kuliko mimi. Mjukuu! Nimekwenda kumwambia baba yako kaburini, na jirani Hapka amelia utadhani kafiwa.

Huyo daktari ameshika shingo yako miaka yote hiyo, sasa anataka na yangu? Mwambie nina viazi vya kupanda. Nakutumia uyoga, nimeukausha mwenyewe juu ya jiko. Ule ushibe.

Mama yako

Kyiv, 25 Machi

Mama,

Shikamoo. Dawa ya kikohozi imefika?

Uyoga nimeupata. Nilifungua mfuko nikaunusa, nikajiona niko jikoni kwako. Kisha Andriy akaupeleka kupimwa mionzi sokoni, mashine ikaukataa. Tumeutupa. Usikasirike, nimelia mno.

Sikutafutii makosa, Mama. Sijui tu mtu anabebaje mimba mama yake akiwa mbali. Nijibu.

Binti yako

Kyiv, 20 Mei

Mama,

Shikamoo. U mzima? Gari la posta linakuja bila neno lako.

Siku ya kuzuru makaburi tulifika mpaka kwenye kizuizi. Andriy akaingia na mayai ya rangi ya kumwekea baba kaburini. Anasema ulimlisha, ukamuuliza tumbo langu limekaa juu au chini. Mimi nilishinda garini nikiitazama barabara. Mbona hukuja?

Larysa wako

3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimepungua.

Nilitoka siku ile. Nilijaza kapu jibini, viazi na mtungi wa maziwa. Nilipofika kisimani nikakumbuka uyoga, nikarudi. Mkono mtupu haulambwi, na mimi sijaenda kwa mtu mikono mitupu tangu nizaliwe, sembuse kwa binti yangu.

Mwambie daktari: kikombe kikubwa asubuhi, kingine jioni, maziwa ya ng'ombe wetu Zirka, yakiwa na joto lake, mpaka mabasi yalipokuja kutuchukua. Hakuna aliyetuambia kitu. Kila nikinywa ulikuwa unacheza tumboni, nikasema huyu anayapenda.

Hapka atalisha kuku. Jumatano napanda gari la posta. Kilemba nimekifua mara mbili, viatu nitavivua nje. Kapu nimeliacha juu ya benchi. Nakuja na mikono tu, ya kumpokea mtoto.

Nifungulie.

Mama yako