Kabla Sijatundika Cheti Changu

Ruhuwiko, Songea

Mume wangu Baba Rukia,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikukute wewe na wote wanaolala chini ya paa moja nawe. Mimi huku ni mzima, alhamdulillah, ila baridi ya Songea mwezi huu haina adabu. Asubuhi nikifua nguo vidole vinagoma, na wenyeji wananicheka wakisema bado haijaanza. Wewe je? Kile kikohozi cha salfa kimepungua? Nilikuomba ujifunge kitambaa puani unapopulizia mikorosho, na najua hujifungi. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na Rukia, bado anawatangazia watu kwamba mama yake anapika dawa?

Nimeandika barua kwa sababu simu za huko kwetu Namasakata tunazijua: nikifika kwenye neno lenyewe, mtandao unaondoka. Na hili nataka ulisome ukiwa umekaa, ulirudie, ndipo ukasirike au ucheke.

Kwanza, nimefaulu. Mtihani wa usajili nimeupita na leseni imetoka. Matokeo yalinikuta nikiwa dirishani natoa dawa, mwenzangu akayaona kwenye simu yake akapiga ukelele. Bi Kornelia, mfamasia mkuu wetu, yule aliyenishika mkono tangu siku niliyoripoti kuanza utarajali, akatoka ofisini mbio akidhani kuna mtu ameanguka. Akanikuta nalia.

"Umefeli?"

Nikatikisa kichwa.

"Sasa unalia nini, na foleni imefika mlangoni? Futa machozi, mhudumie mzee huyu."

Nikamhudumia. Yule mzee alipopokea dawa zake akanishika mkono akaniambia, "Pole sana binti, Mungu amlaze mahali pema." Nikaitikia amina, nikamwita anayefuata.

Haukupita muda, habari ya leseni ikamfikia mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini. Ana famasi, ila mfamasia aliyekuwa anaisimamia amehama, na bila mfamasia duka linafungwa. Alinifuata akiwa mpole kama shemeji anayetafuta mchumba.

"Dada, mimi sikutesi," akasema. "Nipe cheti chako nikitundike ukutani. Wewe rudi kwenu ukalee mtoto. Kila mwisho wa mwezi utapata chako kwenye simu. Wakaguzi wakija nakupigia, unapanda basi."

"Na dawa atauza nani?"

"Vijana wapo. Wamezoea."

Baba Rukia, sitakuficha. Sikumkatalia palepale. Nilimwambia nitafikiri, na nilifikiri kweli. Nilijiona niko nyumbani, Rukia ananisimulia mambo yake, wewe unarudi shambani unakuta chai, na huku cheti kinanifanyia kazi peke yake. Wewe na mimi tumekuwa wageni katika ndoa yetu tangu nilipoingia chuo. Mtu akikuonyesha mlango wa kurudi kwako, huwezi kuufunga kwa haraka.

Siku zile, wakati nasubiri kazi, Bi Kornelia alikuwa ameniomba nijitolee wodini, nizunguke na madaktari kila asubuhi. Huko ndiko nilikomkuta Bi Asumini. Ni mama wa upande wetu wa Tunduru, mtu mzima, moyo wake una mlango mmoja usiofunga vizuri. Wagonjwa kama yeye hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, maana ikiganda na kwenda kichwani, mtu anapooza. Ni dawa yenye wivu. Ikiwa kidogo haifanyi kitu, ikizidi mtu anatokwa damu hadi anapotea. Kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara na dozi hurekebishwa kufuata kipimo.

Cha Bi Asumini kilikuwa hakipandi. Daktari anaongeza dawa, kipimo kiko palepale. Anaongeza tena, palepale. Wauguzi wakaanza kuhisi kwamba mama hamezi, anazitupa. Wakiuliza yeye anaitikia tu "ndiyo, ndiyo", maana Kiswahili kinampa shida, na aibu ya kusemwa inamfunga kabisa mdomo.

Nikavuta kiti, nikamwamkia shikamoo, kisha nikaendelea kwa Kiyao. Alinitazama kama aliyeona ndugu aliyepotea! Akanishika kiganja hakukiachia. Tukaanzia mbali: nyumbani, mikorosho, wajukuu. Ndipo nikamuuliza kuhusu dawa.

"Namaliza zote," akasema. "Naogopa kufa, mwanangu. Nizitupe kwa nini?"

Nikamwamini. Mtu anayedanganya hakuangalii vile.

Wakati tunaongea akaingia binti yake, Somoe, amebeba bakuli la chakula. Alikuwa amefikia kwa ndugu yao hapa mjini na kila siku anampikia mama yake. Akafunua. Kisamvu, kimejaa hadi juu, ugali kando kidogo tu.

"Kila siku unamletea hiki?"

"Kila siku, mchana na jioni. Kama si kisamvu ni majani ya maboga. Nilisikia ana ugonjwa wa damu, nikasema nimuongeze damu."

Baba Rukia, hapo nikaelewa. Mboga zile za kijani ndizo zinazopigana na dawa ile. Binti anampenda mama yake kwa bakuli, daktari anaongeza vidonge, na vyote viwili vinavutana ndani ya mwili wa yule mama. Kisha Somoe akasema neno lililonisimamisha: kesho yake anarudi Tunduru, ameacha watoto.

Nikaona yatakayotokea. Mboga zingekoma ghafla, mama angebaki na chakula cha wodini, na dozi ile kubwa iliyopandishwa kushindana na kisamvu ingekosa wa kushindana naye. Na asubuhi ileile daktari alikuwa ameandika aongezewe tena.

Nilimfuata daktari hadi alikokuwa anaona wagonjwa wa nje. Nilikuwa naogopa, maana mimi ni nani, wa kujitolea tu. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Akaweka kalamu chini, akanitaka nirudie sehemu ya Somoe kuondoka. Kisha akasimama. "Twende wote," akasema. "Wewe utatafsiri."

Dozi ikashushwa, damu ikawa inapimwa kila asubuhi. Nikakaa na Somoe na mama yake tukazungumza kwa lugha ya nyumbani. Sikuwaambia waache mboga, maana kwetu ukimwambia mtu aache mboga umemwambia aache kula. Nikawaambia mboga si adui, adui ni leo sufuria zima na kesho hakuna. Ale kiasi kilekile, siku zilezile, na sisi tutapanga dawa kufuata sahani yake. Somoe akaanza kulia akisema amekaribia kumuua mama yake. Bi Asumini akamkemea kwa Kiyao, akamwambia hakuna mtu aliyewahi kuuawa kwa kupikiwa. Nilicheka hadi muuguzi akaja kuuliza kuna nini.

Kipimo kilitulia. Wiki iliyopita Bi Asumini aliruhusiwa, akatoka kwa miguu yake mwenyewe, amevaa khanga mpya, akinidai nimwambie mimi ni mke wa nani. Nilikutaja wewe na ukoo wako wote. Usishangae ukipokea wageni.

Siku ileile aliyoruhusiwa nilikwenda kwa yule mfanyabiashara. Nikamwambia cheti changu hakitundikwi mahali nisipokuwepo. Akacheka. "Wenzako wanatundika, wanajenga nyumba." Nikamjibu kwamba siku mtu kama Bi Asumini atakapouziwa dawa isiyo yake, jina litakalokuwa ukutani ni la baba yangu. Hakucheka tena, ila hakukasirika pia. Naamini ameshampata mwingine.

Bi Kornelia alilisikia hilo, sijui kwa nani. Akaniita ofisini akanipa habari mbili. Ya kwanza, kuna mkataba wa kazi wa mwaka mmoja hapahapa hospitalini. Huo nimeuchukua, kwa sababu tulikubaliana wewe na mimi kwamba kazi ya kweli ikipatikana nisiiachie. Ya pili ndiyo iliyonikalisha kuandika. Anataka mwakani niombe mafunzo ya ubingwa, famasia ya wodini, kazi ileile niliyoifanya kwa Bi Asumini lakini kwa elimu kamili. Ni Dar es Salaam, na ni miaka.

Nilimwambia nina mume na mtoto, lazima nikuulize.

"Muulize," akasema. "Lakini muulize kama mtu anayetaka kitu, si kama mtu anayeomba radhi."

Basi nakwambia, Baba Rukia. Naitaka. Dirishani nampa mtu dawa, anaondoka, sijui imemfanya nini. Wodini naona. Na nikimaliza nataka kurudi Tunduru, ili mama wa kwetu asisafiri njia yote ile hadi Songea ndipo apate mtu wa kumuuliza kwa lugha yake anakula nini. Lakini pia namtaka Rukia. Anaanza shule Januari, nami nimeona shule nzuri hapa Ruhuwiko, karibu na nilipopanga. Akae nami mwaka huu wa mkataba, na nawe uje kukaa nasi msimu wa korosho ukiisha. Hiyo miaka ya Dar ndiyo siijui tutaipitaje. Hapo nimekwama, ndipo ninapokuhitaji.

Najua Mama atasema nini. Najua pia wanaume barazani wanakuuliza lini mkeo anarudi, na kwamba unawajibu kwa utani ambao haukuchekeshi wewe mwenyewe. Sijalisahau hilo hata siku moja.

Msalimie sana Mama mkwe, mwambie dawa ya magoti nimempa kondakta wa basi, anywe akishakula na si kabla. Wasalimie kaka yako mkubwa na mkewe, namshukuru wifi kwa kumsuka Rukia. Msalimie mjomba anayetusaidia shambani, na shangazi aliyenifunga kibwebwe siku nilipokwenda chuo. Mwambie leseni hii ni yake pia. Rukia mbusu kwenye shavu lile analopenda.

Palizi na kupulizia vikiisha, panda basi uje kwanza tuzungumze. Ukija, niambie unachotaka wewe, usiniambie unachodhani kitanifurahisha. Njoo na jibu lako. Na kama hujalipata, njoo hivyohivyo.

Ni mimi mkeo,
Mama Rukia