Majani ya Matoke Yamepita

Baba Zaituni,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipolala. Sisi wazima, wasiwasi ni wangu tu kama unavyonijua. Nakuandikia nikiwa kwa jirani yetu Mama Akello, na najua utashtuka: mke wangu yuko eda, nyumba ya watu anafanya nini? Ngoja nikueleze.

Tangu tukuzike sikutoka hata kuchota maji. Nasuka mkeka wangu ndani, na mvua za msimu zikaanza. Hapo ndipo nikagundua kitu. Miaka yote ulipokuwa unasimama kando ya mfereji na kikombe chako cha chai, nilidhani unapumzika. Kumbe unasoma maji! Unarudi unasema, "Mama Zaituni, majani yamepita, inua godoro," na jua linawaka. Mimi nainua tu. Mbona sikukuuliza?

Sasa mferejini siwezi kwenda, nikamtuma Mama Akello. Mawingu yakikaa juu ya kilima cha Makindye anaenda kuchungulia maji yanabeba nini, kisha ananipigia kelele dirishani: "Chupa tu!" Nakaa. "Chupa na ndala moja!" Nakaa, nacheka peke yangu. Juzi, hapa bondeni hata tone halijaanguka, akaja mbio: "Majani ya matoke! Mengi! Na mgomba mzima!"

Nikainua godoro. Nikapandisha unga, na koti lako la polisi. Halafu nikapanda kitandani, nikakaa. Nilifikiri nikivuka kizingiti nimekutupa. Maji yakaingia chini ya mlango kimyakimya, rangi ya chai ya maziwa, yakashika miguu ya kitanda. Mama Akello yuko mlangoni, yamemfika magotini. "Wewe Mnubi, eda utaimalizia tumboni mwa samaki? Mzee mwenyewe angekuwa hapa angeshakimbia!"

Nikacheka, Baba Zaituni. Wallahi nilicheka, maana ni kweli. Ungetangulia wewe, viatu mkononi. Nikashuka, akanishika mkono, tukapanda ngazi za kwake. Nilipogeuka, maji yamefika dirisha letu.

Shehe wa msikiti wetu alikuja kunipa pole. Akasema, "Kukimbia hatari si kuvunja eda, mama. Malizia hapahapa." Basi niko hapa, rozari yao ukutani, msala wangu chini. Mama Akello ananipikia, ananitukana, ananipikia tena.

Na mimi nawaza tu. Chupa inaelea hata kwa maji ya kunawa mikono. Lakini majani yale ya kufungia matoke, yanayotupwa soko la juu, ni mazito yakilowa. Yakibebwa, ujue maji yamepata nguvu. Ni hivyo? Nani alikufundisha, au ulitazama mpaka ukajua? Na ile siku uliyorudi ukasema tuhame kabla ya jani hata moja, uliona nini? Harufu? Sauti? Hiyo imenishinda kabisa, na Zaituni naye hajui.

Eda ikiisha nitachukua kikombe chako, kile chenye mkono uliovunjika, nisimame pale pako. Nitatazama mpaka nijue. Nikijua, nitakuja kaburini nikusomee. Nikikosea, unicheke.

Pumzika, mume wangu. Godoro nitainua. Na miguu yangu nayo nitaiinua, nakuahidi.

Mama Zaituni wako